Nguo ya Noeli na Sarafu ya Mtoto



Wapendwa waamini, tumo katika juma la tatu la Majilio, na kama ilivyo desturi yetu kila mwaka, mafundisho ya watoto ya Jumamosi yamegeukia Noeli. Tulipowauliza watoto wa Komunyo ya Kwanza sikukuu hiyo ni ya nini, jibu la kwanza lilikuwa fupi na la kweli: ni siku ya nguo mpya. La pili lilikuwa pilau, na la tatu soda. Hatimaye mtoto mmoja wa nyuma, baada ya kusukumwa na mwenzake, akasema ni siku ya kuzaliwa Yesu, kwa sauti ya mtu anayetoa jibu analojua kuwa mwalimu analitaka.

Hatukuwakemea. Sisi wenyewe tulikuwa watoto, na hadi leo tunakumbuka harufu ya shati jipya lililofunguliwa asubuhi ya Noeli. Lakini lipo jambo lililotukaa moyoni tangu mwaka uliopita. Siku ya Noeli yenyewe, kanisa likiwa limejaa hadi nje, tuligundua kwamba baadhi ya watoto ambao hawakosi Misa Dominika hata moja hawakuwapo. Tulipopita katika jumuiya zetu siku zilizofuata, mama mmoja alituambia, huku akitazama chini, kwamba hakuweza kununua nguo ya sikukuu, na mtoto alikataa katakata kwenda kanisani na nguo ya siku zote, wenzake wasije wakamcheka. Akabaki nyumbani. Mwinjili Luka anatueleza jinsi Mama Maria alivyomvika mwanawe nguo za kitoto na kumlaza horini, kwa kuwa hapakuwa na nafasi nyumba ya wageni. Na hapa kwetu mtoto amekosa Misa ya kuzaliwa kwake Yeye huyo kwa sababu ya nguo!

Mtoto yule hakuyabuni hayo. Kuna watu wazima waliomfundisha kwamba asiye na kipya hana Noeli, nao wamemfundisha bila kutamka neno. Tumeona vema, basi, juma hili tuweke mawaidha kando, tuingie katika historia, tuone zawadi zilifikaje katika sikukuu hii na Mama Kanisa aliwafundishaje watoto wake.

Wengi hudhani kwamba zawadi za Noeli zina umri sawa na Noeli yenyewe. Sivyo. Ushuhuda wa kale zaidi wa Kanisa la Roma kuadhimisha kuzaliwa kwa Bwana tarehe 25 Desemba umo katika kalenda iliyokusanywa mwaka 354, yenye kumbukumbu zinazorudi nyuma hadi mwaka 336. Wakati huo zawadi zilikuwa za mwaka mpya: Warumi walipelekeana tarehe 1 Januari, pamoja na ulevi na michezo ya kamari. Mtakatifu Augustino, akihubiri siku hiyo, aliwaambia waamini wake wa Afrika ya Kaskazini kwamba wenzao wapagani wanapopeana zawadi, wao watoe sadaka kwa maskini. Hakuwakataza kutoa. Aliwageuzia tu uso kuelekea upande mwingine.

Mtoaji maarufu wa zawadi alitoka Mashariki. Mtakatifu Nikolao alikuwa Askofu wa Mira, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, katika karne ya 4. Mapokeo yanasimulia habari za baba aliyefilisika, mwenye binti watatu wasio na mahari ya kuolewa kwa desturi ya nchi ile, akawa karibu kuwauza katika maisha ya aibu. Nikolao alipita usiku, akatupia mfuko wa dhahabu dirishani, akaondoka kabla hajajulikana. Akafanya hivyo mpaka mabinti wote watatu wakaokoka. Mwaka 1087 masalia yake yalihamishiwa Bari, Italia, na ibada yake ikaenea Ulaya nzima. Watoto wakazoea kupewa zawadi katika sikukuu yake, tarehe 6 Desemba. Katika karne ya 16, Waprotestanti wa Ujerumani, ambao hawakutaka ibada za watakatifu, waliihamishia desturi hiyo kwenye Noeli, wakawaambia watoto kwamba mtoaji ni Mtoto Kristo mwenyewe. Baadaye familia nyingi za Kikatoliki nazo zikaipokea.

Yaliyofuata tunayapita haraka. Kumbukumbu ya Nikolao ilivuka bahari na Waholanzi hadi New York. Tarehe 23 Desemba 1823 gazeti la mji wa Troy, katika jimbo hilo, lilichapa shairi lililomwonyesha akiwa mzee mnene mcheshi anayeshuka kwa bomba la moshi. Na kuanzia mwaka 1863 mchoraji Thomas Nast akampa sura katika magazeti. Husemwa mara nyingi kwamba kampuni ya Coca-Cola ndiyo iliyomvika nguo nyekundu. Si kweli, nguo hizo alikuwa nazo kabla. Lakini michoro ambayo Haddon Sundblom aliichorea kampuni hiyo kuanzia mwaka 1931 ndiyo iliyoitembeza sura ile ulimwenguni, mpaka ikatufikia hata sisi ambao nyumba zetu hazina mabomba ya moshi. Askofu alivuliwa kofia yake na fimbo yake ya kichungaji, na wale mabinti watatu wakasahaulika. Hilo la mwisho ndilo linalotusikitisha zaidi. Katika kisa cha Mira zawadi ilikwenda kwa mtu aliyekuwa karibu kuuzwa. Katika madirisha ya maduka inakwenda kwa mtoto ambaye baba yake ana fedha.

Sasa tunaomba mtufuate hadi Lisieux, mji mdogo wa Ufaransa ya kaskazini, usiku wa kuamkia tarehe 25 Desemba 1886.

Mzee Louis Martin, mjane, amerudi na binti zake kutoka Misa ya usiku. Mkewe Zélie alifariki mwaka 1877 kwa saratani ya matiti, na binti zake wawili wakubwa wamekwisha kuingia utawani katika Karmeli ya mji huohuo. Kitinda mimba wake, Teresia, atatimiza miaka 14 siku chache zijazo. Tangu kifo cha mama yake amekuwa mtoto wa machozi: hulia kwa jambo dogo, na akinyamazishwa hulia kwa sababu alilia. Desturi ya nyumba ni kwamba watoto huacha viatu karibu na mahali pa moto, na wakirudi kutoka Misa huvikuta vimejaa zawadi. Teresia amekwisha kupita umri huo, lakini dada yake Céline bado anamwekea, kwa kuwa ndiye mdogo.

Usiku huo mzee alikuwa amechoka. Alipoviona viatu vile alisema, kwa namna ya kunung'unika, kwamba afadhali huu ni mwaka wa mwisho. Teresia alikuwa anapanda ngazi kwenda kuvua kofia yake, akayasikia. Céline aliyaona machozi yakimlengalenga, akamsihi asishuke kwanza, maana akishuka ataangua kilio mbele ya zawadi zake na kuiharibu sikukuu ya wote. Teresia akayameza machozi. Akashuka mbio, akavichukua viatu, akaviweka mbele ya baba yake, akaanza kutoa kitu kimoja kimoja kwa furaha kubwa, mpaka mzee naye akacheka, uchungu wake ukamtoka. Céline alidhani anaota.

Ndivyo alivyosimulia mwenyewe mwaka 1895, akiwa mtawa, na akauita usiku ule usiku wa wongofu wake. Tangu hapo, anasema, upendo uliingia moyoni mwake pamoja na haja ya kujisahau ili kuwafurahisha wengine. Na tuangalie vizuri alichofanya. Hakuzisusia zawadi, wala hakusema kwamba Noeli ya kweli haina zawadi. Alizifungua zote. Viatu vilikuwa vilevile na vitu vilevile, lakini safari hii alivifungua kwa ajili ya baba yake.

Kwa wazazi tunapenda kuongeza neno dogo. Yule mzee aliyenung'unika mbele ya viatu vya mwanawe ametangazwa kuwa mtakatifu, pamoja na mkewe, tarehe 18 Oktoba 2015. Basi ninyi ambao mwezi wa Desemba huwachosha, kwa ada za shule zinazosubiri Januari na nauli za kwenda kijijini zilizopanda, msikate tamaa.

Je, neema ile ilimshukia mtoto asiyefundishwa lolote? Hapana. Januari 1882, akiwa na umri wa miaka 9, Teresia aliandikishwa katika Shirika la Utoto Mtakatifu. Wengi wetu tunalijua shirika hili kwa skafu za watoto wetu na nyimbo zao, lakini historia yake hatuisimulii mara nyingi.

Mwanzilishi wake, Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, alizaliwa mwaka 1785. Tangu ujanani alitamani kwenda China kama mmisionari, asipate. Mapinduzi ya mwaka 1830 yalimfukuza jimboni mwake, na hakuruhusiwa kurudi. Akazunguka Marekani na Kanada akihubiri. Habari zilizomsumbua kwa miaka mingi ni zile ambazo wamisionari wa China waliandika juu ya watoto wachanga waliotupwa, wakafa bila Ubatizo na bila mkono wa kuwainua. Mwaka 1842 alikwenda Lyon kushauriana na Pauline Jaricot, mlei ambaye mwaka 1822 alikuwa ameanzisha kazi ya Uenezaji wa Imani kwa michango midogo ya wafanyakazi maskini, na ambaye alitangazwa Mwenyeheri tarehe 22 Mei 2022. Katika mazungumzo yao lilizaliwa wazo jipya: watoto wasaidiwe na watoto.

Tarehe 19 Mei 1843 shirika likaanza. Masharti yalikuwa mawili tu, na mtoto wa miaka 7 angeweza kuyakariri: Salamu Maria moja kila siku kwa ajili ya watoto wa mbali, na sarafu moja ndogo, senti 5 za faranga, kila mwezi. Kwa maneno mengine, Askofu hakuomba fedha za wazazi. Aliomba fedha ambayo ilikuwa karibu kununua peremende. Alifariki Julai 1844, mwaka mmoja na miezi miwili baadaye, bila kuiona China na bila kujua kama mbegu yake ingeota.

Iliota, na tawi lake moja lilifika kwetu. Desemba 1860 Padre Armand Fava na wenzake kutoka kisiwa cha Réunion walifika Unguja. Walikuja pamoja na masista wa shirika la Mabinti wa Maria, lililoanzishwa Réunion mwaka 1849, mara tu baada ya utumwa kufutwa kisiwani humo, na ambalo liliwapokea hata wanawake waliowahi kuwa watumwa. Unguja wakati huo ilikuwa na soko la watumwa, na miongoni mwa waliouzwa walikuwamo watoto wengi waliotoka bara, baadhi yao wakiwa wadogo hata hawakujua kutaja jina la kijiji chao. Mapadre na masista wakaanza kuwakomboa kwa fedha waliyoweza kupata. Mwaka 1863 kazi hiyo ikapokelewa na Mapadre wa Roho Mtakatifu, na mwaka 1868 wakavuka bahari na kufungua misioni Bagamoyo, ambako watoto waliokombolewa walihamishiwa, wakafundishwa kusoma, kilimo na ufundi, na baadaye, walipokua na kuoana, wakajengewa kijiji chao.

Fedha hiyo ilitoka wapi? Sehemu ilitoka kwa Uenezaji wa Imani, na sehemu kwa Utoto Mtakatifu. Ndiyo kusema kwamba katika bei iliyolipwa kwa ajili ya watoto wale zilikuwamo sarafu za watoto wa Ulaya, ambao hawakuujua hata mlio wa lugha yetu. Misioni ya Bagamoyo ndiyo mlango ambao imani yetu iliingilia bara. Kila tunapokwenda kuhiji kule na kupiga picha chini ya mbuyu, tunakanyaga ardhi iliyolimwa na watoto walionunuliwa kwa peremende ambazo watoto wengine hawakula.

Historia ya kweli haina budi kusimulia na upande wa pili. Wapo waliouliza, tangu wakati huohuo, kama kumlipa mfanyabiashara wa watumwa si kumtia moyo akalete wengine. Swali hilo lilipungua uzito baada ya Sultani Barghash kulifunga soko mwaka 1873, na watoto wengi wakawa wanaletwa misioni na manowari za Waingereza zilizokamata majahazi. (Noeli ya mwaka huohuo, ndugu zetu Waanglikana waliweka jiwe la msingi la kanisa lao mahali palepale pa soko.) Aidha, maisha ya misioni yalikuwa ya nidhamu kali na ya jembe, watoto hawakuulizwa wanataka nini, na wapo waliotoroka. Na kule Ulaya, watoto waliochangia walifundishwa wakati mwingine kuwatazama wenzao wa mbali kana kwamba ni vitu vya kuhurumiwa tu, wasio na mila wala mama. Hayo tunayakiri. Huruma ya mtoto huchukua sura ya watu wazima wanaomfundisha, nasi tunaofundisha leo tuna wajibu wa kuangalia tunamwonyesha nini. Lakini hatukubali kwamba sarafu ile ilikuwa bure. Mtoto aliyetoka sokoni Unguja na kulala usiku ule bila mnyororo hakuona kuwa ni bure.

Tarehe 3 Mei 1922 Papa Pio XI alilifanya Utoto Mtakatifu kuwa Shirika la Kipapa, na tarehe 14 Desemba 1927 akamtangaza Teresia wa Lisieux, ambaye hakuwahi kutoka utawani, kuwa msimamizi wa misioni pamoja na Mtakatifu Fransisko Ksaveri. Mmoja wa vijana ambao Teresia aliwaandikia barua na kuwaombea, Maurice Bellière, alijiunga na Mapadre Weupe na kutumwa Nyasa, nchi ambayo leo ni Malawi. Mwaka 1950 Papa Pio XII aliagiza iwepo siku ya Utoto Mtakatifu duniani kote, akaiweka katika Tokeo la Bwana. Siku hiyo inafaa, maana Mamajusi ndio watu wa kwanza katika Injili kuleta zawadi, na walizileta kwa Mtoto, ndani ya nyumba ambayo hatusomi popote kwamba ilikuwa na kitu cha kuwarudishia.

Jumamosi iliyopita tuliwasimulia watoto wetu habari hizi, za viatu vya Lisieux na za soko la Unguja. Walisikiliza kimya kuliko tulivyotarajia. Waliuliza maswali ambayo hatukuyatazamia, kama vile mtoto mmoja aliuzwa kwa bei gani, na je, waliotoroka walifika kwao. Kisha tukawaeleza, bila kutaja nyumba ya mtu, kwamba mwaka jana wapo wenzao waliobaki nyumbani siku ya Noeli kwa sababu ya nguo, tukawauliza wanafikiri tufanye nini. Wa kwanza alisema tuchange tuwanunulie. Tulikuwa karibu kukubali, ndipo msichana mmoja wa darasa la tano akasema kwamba ukinunuliwa nguo na watu, kila mtu atajua kuwa ni hiyo uliyonunuliwa. Yeye akapendekeza watoto wote waje na sare za shule.

Kwa kweli sisi hatukulifikiria hilo. Walibishana kidogo, maana wengine nguo zao zimekwisha kununuliwa na ziko kabatini, lakini mwishowe walikubaliana: Misa ya asubuhi watakuja na sare, na nguo mpya watavaa alasiri majumbani kwao. Wazazi watatu wamekwisha kutufuata sakristia kulalamika. Tunawaelewa, na tunawaomba wawaachie watoto jambo lao, kwa kuwa wamelipanga wenyewe.

Misa ya watoto itakuwa saa tatu asubuhi. Kopo la Utoto Mtakatifu litawekwa karibu na pango kuanzia Mkesha hadi Tokeo la Bwana, nasi tumewaambia watoto wasiombe fedha ya kutia humo kwa baba wala kwa mama. Asiye na sare asiyoweza kuipata aje kwa katekista kabla ya Jumatano. Zipo chache ambazo wakubwa waliomaliza shule wameziacha, na tutampa pale ofisini, mlango ukiwa umefungwa.